Kufuli Moja Halitoshi Nyumbani kwa Askari

Asubuhi ya tarehe 17 Machi 2017, huko Kulambiro, ofisa wa ngazi ya juu wa Polisi ya Uganda, marehemu Andrew Felix Kaweesi, aliuawa kwa risasi pamoja na mlinzi wake na dereva wake, muda mfupi tu baada ya kutoka nyumbani kwake. Miaka minne baadaye, asubuhi ya tarehe 1 Juni 2021, Jenerali Katumba Wamala alishambuliwa huko Kisaasi. Yeye alijeruhiwa akapona, lakini binti yake na dereva wake walipoteza maisha. Mahali hapo pote pawili ni mwendo mfupi kutoka njia panda ya Ntinda, na askari na polisi wanaoishi upande huo wa Kampala hawahitaji kusimuliwa zaidi.

Nasema mapema, ili nisieleweke vibaya, kwamba sidai kompyuta ilihusika katika mojawapo ya misiba hiyo. Nadai jambo dogo zaidi. Kabla mtu hajaviziwa njiani, sharti mviziaji ajue saa anayotoka, gari analopanda na njia anayoipenda. Zamani aliyetaka kujua hayo alilazimika kukaa siku nyingi katika kibanda cha chapati mkabala na lango, akinywa chai asiyoitaka, na mlinzi mwerevu angemshtukia siku ya tatu. Siku hizi habari hizo hizo zimo ndani ya kifaa kidogo kilichopigiliwa chini ya paa la nyumba yenyewe, nasi tumekinunua kwa fedha zetu wenyewe, tukakiita mlinzi.

Tembea leo kutoka soko la Ntinda kuelekea Kiwatule, ukitazama juu. Utaona nyaya za intaneti zimetandazwa nguzo kwa nguzo, na kamera zikichungulia juu ya malango. Ndani ya nyumba mna ruta yenye taa za kumetameta, televisheni iliyounganishwa na intaneti, simu nne au tano, kompyuta ya mwanafunzi, na pengine kompyuta ya kazi ya baba au ya mama. Katika kota, ambako familia hukaa karibu karibu, si ajabu aliyelipia kifurushi kuwagawia jirani zake, nao jirani wakawagawia wageni wao. Ukarimu huo ni mzuri. Lakini jioni inapofika, mwenye kulipa hajui tena ni watu wangapi wamo ndani ya boma lake.

Kila aliyepita chuo cha kijeshi, kama sisi tuliopita Kabamba, amefundishwa kwamba ulinzi wa kambi hauwekwi katika mstari mmoja. Kuna doria ya nje, kuna seng'enge, kuna lango na walinzi wake, kuna ghala la silaha na ufunguo wake, na mwisho kuna askari mwenyewe na bunduki yake. Adui akipenya mstari wa kwanza, wa pili humchelewesha, na wa tatu humfichua. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo aliyefuzu somo hilo, akirudi nyumbani, huweka neno moja la siri kwenye waifai, tena ni tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto wake wa kwanza, akalala usingizi wa pono.

Haya si mawazo ya vitabuni. Tarehe 2 Januari 2024 Idara ya Usalama ya Ukraine ilitangaza kwamba majasusi wa Urusi walikuwa wameingia katika kamera mbili za makazi ya raia mjini Kyiv, ili waione mitambo ya kujikinga na makombora na mahali ilipowekwa. Wakazi walizifunga kamera hizo wajilinde na wezi. Hawakuwa askari, wala hawakuwa na siri yoyote. Kamera zao tu ndizo zilizokuwa mahali panapofaa. Na mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilienea duniani kwa kuingia katika kamera na ruta za majumbani. Hakikutumia ujanja mkubwa. Kilijaribu tu majina na maneno ya siri ya kiwandani, yapatayo 60, na hayo yakatosha kukusanya malaki ya vifaa. Tarehe 21 Oktoba 2016 vifaa vya namna hiyo vilielekezwa kwa kampuni ya Dyn ya Marekani, na kwa saa kadhaa tovuti mashuhuri zikawa hazifunguki. Waliokitunga kirusi hicho hawakuwa majenerali wa nchi yoyote. Walikuwa vijana, nao walikiri makosa yao mahakamani mwaka 2017.

Basi na tuanze langoni, yaani kwenye ruta, na hapa nitakaa kitambo kwa kuwa ndipo penye faida kubwa kwa jasho dogo. Ruta ina maneno mawili ya siri, ilhali watu wengi wanalijua moja tu. La kwanza ni lile la kujiunga na waifai, ambalo mgeni huliomba hata kabla hajaketi. La pili ni la kuingia katika mipangilio ya ruta yenyewe, na aghalabu limebaki kama lilivyotoka kiwandani: limeandikwa kwenye kibandiko chini ya kifaa, au ni neno ambalo kila fundi wa mjini analifahamu. Mwenye kulipata neno hili la pili anaweza kuigeuza njia ya nyumba nzima. Wewe waandika anwani ya benki yako, naye akupeleke kwenye ukurasa wa bandia uliofanana na wa benki kama pacha. Kwa hiyo neno hilo libadilishwe, na fundi aliyekuja kufunga mtambo asiondoke nalo.

Baada ya hapo, zima ile njia ya mkato ya kujiunga iitwayo WPS, ambayo udhaifu wake ulifichuliwa tangu mwaka 2011. Zima ruhusa ya kuiendesha ruta kutoka nje ya nyumba. Chagua usimbaji wa WPA3, au WPA2 ikiwa ruta ni ya zamani kidogo. Neno la siri la waifai liwe refu, maneno manne au matano yasiyohusiana, maana urefu humchosha adui kuliko alama za ajabu ajabu. Na programu ya ruta isasishwe. Kama kiwanda kimekwisha kuacha kuitengenezea masahihisho, ujue umemweka lindoni mzee aliyestaafu, ambaye haoni wala hasikii, ila sare anayo. Mwezi Mei 2018 wapelelezi wa Marekani, FBI, waliwaomba wananchi wazizime ruta zao na kuziwasha upya, kwa sababu kirusi kilichoitwa VPNFilter kilikwisha kuingia katika ruta zipatazo 500,000 katika nchi zaidi ya 50. Na mwezi Februari 2023 Shirika la Usalama wa Taifa la nchi hiyo, NSA, lilitoa mwongozo mzima juu ya mtandao wa nyumbani, likashauri pamoja na mengine kwamba ruta, simu na kompyuta ziwashwe upya walau mara moja kwa juma. Ikiwa taifa lenye mitambo yote ile limeona yafaa kuwafundisha watu jinsi ya kutunza ruta ya sebuleni, sisi tunangoja nini?

Niongeze neno juu ya majina ya mitandao. Wako wenzetu wanaouita mtandao wa nyumbani kwa cheo chao: fulani Kapteni, OC wa mahali fulani, Afande wa hapa na pale. Jina hilo hupenya ukuta na kusomwa na kila simu inayopita barabarani. Wako pia watu duniani ambao kazi yao ni kukusanya majina hayo na kuyachora katika ramani. Mradi mmoja, WiGLE, umefanya hivyo tangu mwaka 2001. Hatubandiki vyeo vyetu katika malango ya nyumba zetu za kupanga, basi kwa nini tuvitangaze hewani? Mtandao na uitwe Mwembe, au Nyumba ya Pili, au lolote lisilokuwa na nyota begani.

Mstari wa pili ni wa kugawa nyumba. Ghala la silaha halijengwi ukuta mmoja na kantini. Ruta nyingi za siku hizi zinao uwezo wa kutoa mtandao wa wageni ulio mbali na ule mkuu. Wengi hudhani huo ni wa kumstahi shemeji aliyekuja likizo. Mimi nasema humo ndimo zikae televisheni, kamera, na kila kifaa cha bei rahisi ambacho hujui nani alikitengeneza wala nani atakisahihisha. Kompyuta ya kazi na simu ya kazi zibaki upande wa pili. Hivyo kamera ikitekwa, mtekaji hajikuti mezani pako papo hapo. Na kamera yenyewe itazame lango na ukuta. Isitazame barabara yote, isitazame mlango wa jirani, seuze chumba cha kulala.

Mstari wa tatu ni kompyuta yenyewe. Kirusi cha WannaCry kilichozitikisa hospitali za Uingereza mwezi Mei 2017 kilipita katika tundu ambalo dawa yake ilikwisha kutolewa mwezi Machi mwaka huo huo. Walioumia ni wale waliosema watasasisha kesho. Windows 10, ambayo kompyuta nyingi zilikuwa zikiitumia, iliachwa rasmi na watengenezaji wake tarehe 14 Oktoba 2025, na yeyote anayeendelea nayo bila mpango wa masahihisho anakaa katika nyumba ambayo dirisha likivunjika halitengenezwi. Programu za wizi zinazouzwa kwa bei ya soda katika vichochoro vya mjini nisingependa hata kuzitaja. Yule aliyevunja kufuli la programu ili akuuzie, umejuaje kwamba ameishia hapo?

Lakini hatari iliyo kubwa zaidi ya kompyuta mjini Kampala haitoki kwa mdukuzi wa mbali. Ni mwizi wa kawaida, mwenye nyundo. Mashine ikiibwa, neno la siri la kufungulia skrini halimzuii mtu kuitoa diski na kuisoma katika mashine nyingine. Kinachomzuia ni kuisimba diski yote, na mifumo mingi ya sasa inao uwezo huo, unangoja kuwashwa tu. Pamoja na hilo iwepo nakala ya akiba ya mambo ya maana, nayo isikae katika mkoba mmoja na kompyuta.

Nakuja sasa kwa jambo linalopendwa kuliko yote, nalo ni VPN. Neno hili lilienea Uganda tangu Julai 2018, ilipoanza kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, kodi ambayo ilikwisha ondolewa mwaka 2021. Tangu hapo wengi wanadhani kwamba mwenye VPN amevaa hirizi. Sivyo. VPN huyafunika mawasiliano yako tangu kwenye kifaa chako hadi kwa yule aliyekuuzia huduma hiyo, basi. Yule aliyekuwa akiona safari zako, yaani kampuni ya intaneti, haoni tena. Badala yake anaona mwenye VPN. Ukiwa katika waifai ya hoteli au ya uwanja wa ndege, ni kinga nzuri. Lakini kama mwenye VPN hujui ofisi yake iko nchi gani, naye hakutozi hata senti, ujue mtu halishi mtambo wa gharama kwa sababu ya kukupenda. Haiondoi kirusi, haibadilishi neno la siri bovu, wala haizimi kamera iliyotekwa. Ni koti la mvua, na wenzetu wengi wamelivaa huku wakiacha mlango wazi. Kuna jambo jingine lisilo na gharama ambalo ningelitanguliza mbele ya VPN: kuiagiza ruta itumie kitabu cha anwani chenye kuzikataa tovuti zinazojulikana kuwa za wezi. Huduma ya Quad9, yenye namba 9.9.9.9, hufanya hivyo bure, na inaendeshwa na taasisi isiyotafuta faida yenye makao yake Uswisi.

Kwa ndugu zetu polisi, mstari unaohitaji macho zaidi ni wa picha. Fikiria askari wa upelelezi aliyeandika maelezo ya shahidi kwa mkono, kisha akayapiga picha kwa simu yake ili amtumie mkubwa wake. Picha hiyo haibaki katika simu. Usiku, simu ikiwa imeunganishwa na waifai, hupanda yenyewe kwenye ghala la mbali la kampuni ya simu au ya programu. Ikiwa familia inatumia akaunti moja, basi hushuka tena katika kompyuta kibao ya watoto, ikakaa baina ya katuni na picha za sherehe ya ubatizo. Mtoto humwonyesha rafiki yake. Hapo hakuna aliyedukua chochote, wala hakuna sheria ya mtandao iliyovunjwa na adui, ila jina la shahidi limekwisha kutoka nje. Ushauri wangu ni kwamba kila mtu nyumbani awe na akaunti yake, picha za kazi zisipande ghalani, na akaunti kuu zifungwe kwa uthibitisho wa hatua mbili, ili aliyeiba neno la siri akute bado kuna mlango. Afadhali zaidi, maelezo ya shahidi yasipigwe picha kwa simu binafsi hata kidogo. Lakini kwa hilo wakubwa nao sharti watoe njia nyingine ya kuyatuma, maana askari hawezi kukatazwa kisima kimoja bila kuonyeshwa kingine.

Atatokea wa kusema kwamba mistari yote hii ni bure, kwa kuwa wako wenye zana zisizozuilika. Ni kweli zana hizo zipo. Mwezi Desemba 2021 shirika la habari la Reuters lilitangaza kwamba simu za maofisa wa Marekani walau tisa, wengine wao wakifanya kazi hapa Uganda na wengine wakishughulikia mambo ya Uganda, zilikuwa zimeingiliwa kwa programu ya kampuni ya NSO ya Israeli. Ruta yoyote ya Ntinda isingaliizuia. Lakini tundu lililotumiwa lilizibwa na Apple mwezi Septemba 2021, na tangu siku hiyo aliyesasisha simu yake alikuwa katika hali tofauti na aliyeahirisha. Zana za namna hiyo ni ghali, na mwenye nazo huchagua wa kumlenga. Sisi wengine tunashambuliwa kwa zana za rahisi, na zana za rahisi huzuiliwa kwa kazi ya rahisi.

Simu nayo haikai nyumbani. Mwezi Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia, Nathan Ruser, alionyesha kwamba ramani ya mazoezi iliyotolewa na kampuni ya Strava ilikuwa imechora kwa mistari ya mwanga njia walizokimbilia askari ndani ya kambi zao, katika nchi za vita. Wakimbiaji hao walidhani wanapima mapigo ya moyo. Sisi ambao wenzetu wametumikia Somalia tangu Machi 2007 hatuna sababu ya kulicheka hilo. Atokaye Ntinda alfajiri kukimbia kupitia Naguru, tena kila siku njia ile ile, na saa yake ikimtangazia, anaandika ratiba yake kwa mkono wake mwenyewe.

Limebaki jambo ambalo wengine hawatapenda nilitaje. Mwenye kuitawala ruta anaweza kuona mengi juu ya wenzake wa nyumbani: nani yuko macho saa nane za usiku, simu ipi inatembelea tovuti ipi. Nimesikia maofisa wakijisifu kwamba kwa njia hiyo wanamlinda bibi au wanawalinda watoto. Huo si ulinzi, ni upelelezi wa watu ambao hawakushtakiwa kwa kosa lolote. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 27, inalinda faragha ya mtu, nyumba yake na mawasiliano yake, wala haisemi kwamba mke, mume au mpangaji wa afande ametolewa. Kadhalika kuingia katika mtandao wa jirani kwa kubahatisha neno lake la siri ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, hata kama mwenye kubahatisha amevaa sare.

Tena, nje ya sheria, kuna hesabu ya kiaskari. Kijana aliyejua kwamba baba anampeleleza atatafuta njia ya kuikwepa ruta, na tundu atakalolitoboa yeye litatumiwa na wengine. Kijana aliyeketishwa, akaelezwa kwa nini picha ya gari la mama na namba yake haifai kutumwa, kwa nini asimwambie mtu mtandaoni kwamba baba amesafiri, huyo ni mlinzi wa ziada asiye na mshahara. Nyumba haiendeshwi kwa kwata. Amri za gwaride zikiingizwa sebuleni, hutiiwa mbele ya afande tu.

Kwa hiyo napendekeza kwa makamanda na wakuu wa vituo kwamba somo hili litolewe kotani, na litolewe kwa familia, si kwa askari peke yao. Mafundi wa mawasiliano tunao, jeshini na polisi. Saa mbili za Jumamosi zatosha: kila nyumba ilete ruta yake, ibadilishiwe maneno ya siri mbele ya mwenyewe, na mwenyewe ayaandike katika daftari lake, si la fundi. Silaha hukaguliwa kwa ratiba, na buti hukaguliwa. Ruta ya kotani haijulikani ni ya nani wala ilisasishwa lini.

Na uwekwe utaratibu wa uhamisho. Askari akipata amri ya kuhama huwa na siku chache, naye hufikiria magodoro, masufuria na shule ya watoto. Ruta huachwa ukutani, kamera huachwa chini ya paa na kadi yake ya kumbukumbu ndani, na mpangaji anayefuata hurithi picha za miezi ya kutoka na kuingia kwa mtu asiyemjua. Katika ile karatasi ya kukabidhi nyumba, penye orodha ya vitasa, taa na mabomba, iongezwe mistari miwili: ruta irudishwe katika hali ya kiwandani, na kadi ya kamera itolewe, atie sahihi anayeondoka na anayeingia.